Mama mkwe apewe mlango wake

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala miguuni pangu kwa sababu hakuna pengine pa kukaa. Nimewasha tochi ya simu nikaifunika na kanga. Taa kubwa nimeizima kwa ajili ya vile vidudu vya ziwani. Leo vimetoka kama moshi unaopanda juu ya maji, na ukiwasha taa tu vinaingia mpaka kwenye sufuria ya mboga.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike minne. Kwa miaka saba niliuza chakula pale Kigongo, kivukoni. Nani hajala wali samaki pale akisubiri pantoni? Foleni ya magari ndiyo ilikuwa mtaji wangu. Gari likikwama saa moja, abiria anashuka, anakunywa chai na chapati, anafungiwa na sato wa kukaanga wa kupeleka Geita. Juni 2025 daraja likafunguliwa. Sililaumu. Siku ile nami nilipita juu yake nikapiga vigelegele kama wengine. Kilomita tatu za maji unazivuka kabla hujamaliza kutafuna muhogo. Lakini magari hayasimami tena. Nilijikaza miezi mitano, nikafunga.

Tulikuwa tumepanga Usagara, vyumba viwili na sebule, bomba uani. Kodi ikatushinda. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi. Alikuwa na kiwanja alichokatiwa na mjomba wake, kijiji kimoja cha huku Misungwi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ziwani, na alikuwa amejenga kijumba cha kulinda kiwanja. Ndicho tunachoishi.

Ni chumba na sebule. Nimekipima kwa hatua zangu: tano kwa sita. Tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna. Mvua ikinyesha tunaongea kwa ishara. Na ukuta wa katikati, Shangazi, hapo ndipo penye barua yangu. Fundi aliukomesha usawa wa juu ya mlango, kuanzia hapo ni wazi mpaka kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumbani, sebuleni wanamwambia afya.

Asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kukunja. Godoro la watoto, neti, mashuka, vyote vinapanda juu ya makochi. Jioni vinashuka, ila kwanza lazima injini zisogezwe. Baba Masalu haachi injini ya mteja nje hata usiku mmoja, kwa sababu mwenzake aliwahi kuibiwa akalipa mpaka akauza ng'ombe. Kwa hiyo tunalala na injini mbili, siku nyingine tatu, zimesimama kwenye kona kama wageni ambao hawajakaribishwa kiti, na madumu ya petroli na oili pembeni. Harufu tumeshaizoea, ila huyu mdogo anakohoakohoa.

Kuna na makochi yangu, seti nzima, refu moja na madogo mawili, na kabati la vyombo. Niliyanunua kwa pesa ya mchezo, miaka miwili nachangia. Mume wangu anasema niyauze. Sitaki. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha kuonyesha kwamba nilifanya kazi.

Sasa mama mkwe anakuja. Anakaa ng'ambo, Sengerema ndani ndani. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, amepangiwa kliniki Bugando. Atafanyiwa jicho moja, arudi kuangaliwa, kisha la pili. Atakaa kwetu kama miezi mitatu, kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Zamani alikuwa anaiogopa pantoni, akija mara moja kwa mwaka ni nyingi. Sasa anasema daraja limemletea Misungwi mlangoni. Unaona, Shangazi? Daraja lile lile.

Mume wangu anasema mama atalala sebuleni na watoto. "Sisi tulilala tisa nyumba moja, nani alikufa?" Mimi nitalalaje na mume wangu, na mkwe wangu yuko upande wa pili wa ukuta usiofika juu? Hata kitanda chetu, samahani, kinalia. Ukijigeuza tu kinatangaza. Na huyu mtoto wa kiume ameshaanza kusikia. Juzi tunatoka kuchota maji ziwani, akaniuliza, "Mama, deni la elfu themanini ni la nani?" Tulilinong'ona usiku wa manane.

Nikimbana mume wangu, anasema basi atajenga banda kule chini kwenye mchanga, karibu na maji, alale huko yeye na injini zake, na mama alale chumbani kitandani pamoja na mimi. Mimi na mkwe wangu, kitanda kimoja, miezi mitatu!

Nimwambie asije? Wifi yangu yupo Buhongwa, ana vyumba vinne, na ni karibu zaidi na Bugando. Ila hawaivi na mama yake. Majirani nao wananicheka kwamba mjini kumetushinda tumekuja kubanana porini. Nisaidie, nimechoka kukunja.

Mama Masalu, Misungwi

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya mkwe, tuanze na petroli.

Umeitaja kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja rangi ya pazia. Nilipofika hapo niliiweka barua mezani nikashika kichwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi kwenye bati ukatoka zake. Unashuka, unatambaa sakafuni, na sakafuni ndipo ulipotandika godoro la watoto. Unatambaa hivyo mpaka ukutane na moto, na moto hauhitaji kuwa karibu na dumu. Mshumaa chumbani unatosha, kibatari kinatosha, jiko la mkaa uliloliingiza ndani kwa sababu ya mvua linatosha. Madumu yatoke leo, kabla hujamaliza kusoma safu hii. Matangi ya injini na mipira yake nayo yabaki nje, mbali na nyumba na mbali na jiko, kivulini, yamefungwa vizuri. Injini ikiletwa kutoka kwa mteja, imwagwe petroli iliyobaki kwenye kabureta kabla ya kusogezwa popote penye watu. Fundi anajua kufanya hivyo, hahitaji kufundishwa na shangazi. Huyo mdogo anayekohoa mpeleke zahanati akaangaliwe, usikae unabahatisha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye jiko: la mkaa lisilale ndani, hata kama limebaki na makaa matatu yanayokonyeza. Hewa yake mbaya haina harufu na haimwamshi mtu. Nyumba ya hatua tano kwa sita inajaa haraka kuliko unavyofikiri.

Hofu ya wizi ya baba Masalu ni ya kweli, sitaki umdharau. Injini ya mteja ikipotea mnauza mpaka mabati. Ajenge stoo ndogo ya tofali, isizidi upana wa mikono miwili, iegemee kwa nje ukuta wa chumba chenu, mlango wa chuma, na ndani achimbie nguzo ya kufungia mnyororo. Mwizi akigusa kufuli, anaguswa na yeye. Ila mafuta hayaingii humo.

Haya, sasa mama.

Aje. Usithubutu kutaja Buhongwa. Mzee anayekwenda kupasuliwa jicho anachagua mwenyewe mkono wa kumwongoza akiwa haoni, na huyu amemruka binti yake wa kumzaa mwenye vyumba vinne, kakuchagua wewe wa makochi na injini. Ukimrudisha kwa wifi yako, hata kama utasema kwa maneno ya asali, atasikia kwamba umemkataa, na mumeo atasikia vilevile, na hilo halitaisha akipona.

Lakini pia asilale nyuma ya ukuta ule. Hapo uko sahihi kabisa, na usikubali mtu akuambie unajidai wa mjini. Heshima ya mkwe kwetu huku ina umbali wake, na mtu mzima akisikia yasiyomhusu usiku, asubuhi atashindwa kukutazama hata baada ya macho kupona.

Wewe unalilia chumba. Nimeisoma barua mara mbili, na mimi naona mnachokosa ni mlango. Mumeo Msukuma, sivyo? Basi kaya ya Kisukuma ya zamani haikuwa nyumba moja kubwa. Ilikuwa uwanja, na vijumba vikiuzunguka: cha mama, cha bibi, cha vijana, jikoni, ghala la nafaka, zizi, na shikome pale wanaume walipoota moto jioni wakiongea. Kila kijumba kilikuwa kidogo. Siku ukipata nauli mpeleke Masalu Bujora, pale Kisesa, akaone nyumba za msonge kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ndani palikuwa pa kulala na kuweka vitu, basi. Maisha yote yalikuwa uwanjani. Mimi nimelelewa Ukerewe, ambako ardhi ni ya kugombania, na sikumbuki hata mara moja nikiona nyumba yetu ni ndogo, kwa sababu mchana sikuwa ndani. Ni sisi wa juzi tulioanza kuchora vyumba vyote chini ya bati moja, kisha tukakomesha kuta katikati ili kubana tofali, halafu tunashangaa mtoto anajua deni la elfu themanini.

Kwa hiyo msiongeze chumba kwenye hiyo nyumba. Jengeni kijumba cha pili, kitazamane na hicho, uwanja katikati.

Mumeo utamwambiaje? Usiseme "nyumba ni ndogo". Aliijenga yeye, kwa jasho lake, ataisikia kama tusi hata kama unasema ukweli. Na hayo ya kulala tisa usimbishie, huenda walilala tisa kweli. Subiri ameshiba, muulize tu: "Bibi yako mzaa baba alikuwa analala wapi?" Nitashangaa sana akikujibu "nyuma ya ukuta wa baba". Bibi alikuwa na kijumba chake, na hao tisa wengi wao walikuwa wamelala humo na bibi. Akishakumbuka mwenyewe, ndipo useme: mama apewe mlango wake. Akikaza shingo, yupo mjomba aliyewakatia kiwanja. Huyo ndiye wa kuongea na mwanaume kuhusu mama yake, si wewe.

Kijumba chenyewe kisiwatishe. Ndani mita 3 kwa mita 2.4 kinatosha. Hesabu yake naipata hivi: kitanda cha nne kwa sita cha mama upande mmoja, godoro la tatu kwa sita la watoto upande wa pili, katikati upenyo mwembamba wa kupitisha mguu, na mbele karibu na mlango panabaki kama mita moja na ziada ya kuweka kiti, sanduku lake na ndoo. Paa liwe la kuangukia upande mmoja. Bati za futi 10 zikilazwa kwenye ule upana wa mita 2.4 zinafika kutoka ukuta hadi ukuta bila kukatwa, na bati tano zinatosha. Chukueni sita kama mnataka kibaraza cha mama kukaa. Msingi mtie simenti, kuta jengeni kwa udongo mziba mianya kwa nje na simenti. Misungwi tofali za kuchoma hazitafutwi mbali. Na anzeni wiki hii. Hiki ni kiangazi, ukuta unakauka upesi. Vuli ikigonga Oktoba iwakute mmeshaezeka, la sivyo mtamlaza mama kwenye unyevu.

Dirisha liwe moja upande wa mlango na jingine upande wa pili, upepo upite, yote yawe na wavu wa mbu. Na neti juu ya vitanda vyote viwili. Wavu wa dirishani hauondoi neti, Kanda ya Ziwa malaria haina likizo.

Umeona nilivyowaweka watoto huko? Ndiyo. Wote wawili walale kwa bibi yao. Bibi na wajukuu wana utani wao, wana hadithi zao, na mzee asiyeona vizuri usiku anahitaji mtoto wa miaka tisa wa kumwambia "bibi, kopo liko kushoto". Masalu atapata kazi ya heshima badala ya kulala akihesabu madeni yenu. Na bibi akishapona akarudi Sengerema, kijumba kile kinabaki na mwenyewe tayari. Kijana wa miaka kumi hivi alikuwa apate mahali pake pa kulala hata kama mkwe asingekuja. Mumeo mwambie hivyo pia: humjengei mama wa miezi mitatu, unamjengea mwanao wa miaka kumi ijayo.

Pesa? Hapa utanichukia. Makochi.

Sitakwambia uyauze yote kama asemavyo mumeo. Nimeielewa ile sentensi yako, nami ninacho cherehani kisichoshona ambacho hakiuzwi. Uza yale madogo mawili na kabati la vyombo. Vyombo wekea rafu ya mbao ukutani, juu, pale ambapo hamgusi kichwa. Kochi refu libaki, ndilo lenye miaka yako miwili, na mama mkwe mchana atakaa wapi akitoka kliniki na bendeji jichoni? Kwa mkeka? Lakini seti nzima kwenye sebule ya hatua tano, yenye injini tatu, imekufanya wewe ndiye mgeni. Umeandika umechoka kukunja. Watoto wakihamia kwa bibi na injini zikahamia stoo, hakuna cha kukunja tena, kochi litakuwa kochi.

Ukuta wa katikati nao uumalize, mkwe awepo asiwepo. Usiongeze tofali juu yake kabla fundi hajaangalia chini. Kuta za ndani za nyumba za "kulinda kiwanja" mara nyingi zimekaa juu ya sakafu tu, msingi hazina, na ukizitwisha mzigo zinapasuka. Tumia fito na matete, zifike mpaka chini ya bati, kisha mkandike udongo pande zote mbili. Ni nyepesi, na udongo ndio unaomeza sauti. Mkeka wa mafunjo peke yake utakuficha usionekane, ila maneno yatapita kama kawaida.

Kuhusu banda la kule mchangani: hapana, na si kwa sababu ya kitanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu. Banda atabomolewa. Na hata kama hakuna atakayekuja kulibomoa, ziwa litakuja. Wazee wa mwambao bado wanasimulia maji ya 1964; mwaka 2020 yakafika tena kiwango kile, na 2024 yakapanda tena. Mchanga anaouona mumeo leo ni sakafu ya ziwa iliyokwenda matembezi. Injini atengenezee huko mchana kama wenzake, jioni apande nazo nyumbani.

Sasa macho ya mama, maana hapo ndipo nyumba ndogo inaweza kuwa nzuri kuliko ya Buhongwa. Mtu mwenye mtoto wa jicho jua kali linamuumiza na giza linamwangusha. Kijumba chake kisiwe na kizingiti cha kuruka. Kutoka mlangoni kwake hadi chooni panga mawe pande zote mbili za njia uyapake chokaa nyeupe. Mawe kwenu si ya kununua. Chooni wekeni mti wa kushika wakati wa kuinuka. Taa ndogo ya sola ining'inie njiani, si mlangoni, na vile vidudu vyako vya ziwani vitaifuata huko viwaachie sufuria. Akishafanyiwa jicho atarudi na dawa ya matone na masharti: asifikiche, asiinue vizito, vumbi na maji visiingie. Hayo matone mkabidhi Masalu ayahesabu saa zake, ila kuyatia utie wewe, mikono imenawa.

Moshi pia. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, muulize mvuvi yeyote. Jiko lako liweke upande ambao moshi wa mchana hauelekei mlango wa mama. Simama uwanjani saa nane mchana, shika kanga juu, uone inapeperukia wapi. Ndiyo vipimo vyenyewe.

Maji ya ziwani sitasema mengi. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, mtu akisimama tu kwenye maji ya ukingoni penye majani na konokono, kwa hiyo Masalu asioge huko, na siku za dawa shuleni asikose. Maji ya kuoga yakikaa siku mbili kwenye pipa safi lenye mfuniko, lisilo na konokono, vile vijidudu vinakufa. Ya kunywa chemsha. Ila vuli inakuja na wewe utakuwa na paa mbili. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba kubwa lako ni kama mita 20 za mraba, la kijumba kama 10. Mvua moja ya milimita 20, ambayo kwa Mwanza si mvua ya kusimulia, inakumwagia lita 600, hata robo ikipotea bado ni madumu ishirini na zaidi ambayo kichwa chako hakitayabeba. Gata na pipa vitangulie kabla ya televisheni. Maji ya mvua ya kwanza yaache yaoshe bati.

Jambo hukuniuliza, lakini kidole kinaniwasha. Umeandika kama vile kazi yako ilizikwa siku ya daraja. Magari hayasimami, sawa. Mitumbwi je? Inasimama kila alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanarudi wamekesha na taa zao, wana baridi, wana njaa, na wana pesa mkononi. Uji wa moto, chapati na maharage, mwaloni saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu umerudi kumpeleka mama kivulini. Mumeo anawajua wote, injini zao ziko mikononi mwake. Kalenda yako itakuwa mwezi: ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu samaki hawaji kwenye taa, na siku hizo nawe unapumzika au unapanda na mama kliniki. Kwa hiyo ukienda kuomba tarehe Bugando, angalia mbinguni kwanza. Sufuria zako kubwa usiziuze pamoja na kabati, nakuomba.

Majirani waache. Mkiezeka kijumba cha pili watakuja kuuliza bati mmenunua wapi.

Mwisho, kitanda. Mume wako ni fundi wa injini, mwanangu. Ana spana za kila namba. Anasikia boliti iliyolegea kwenye mtumbwi ulio katikati ya ziwa, halafu analala miaka yote juu ya kitanda kinachotangaza! Akate vipande vya mpira wa tairi, avitie kwenye maungio ya chaga na miguu, kisha akaze zote. Ni kazi ya nusu saa. Aifanye kabla mama hajavuka daraja.